Fuata Lori, Usifuate Waya: Namna ya Kupima Athari za Ujenzi wa Njia ya Umeme kwa Barabara na Usafiri wa Watu

Anayepewa kazi hii kwa mara ya kwanza huanza na ramani ya mkuza. Anauona mstari ukikata mashamba na vilima, anahesabu mara ngapi unavuka barabara, kisha anaandika kwenye ripoti kwamba athari kwa usafiri ni ndogo na za muda mfupi. Kwa huo mstari peke yake, hajakosea. Waya ukishavutwa juu ya barabara, magari hupita chini yake miaka na miaka bila shida. Lakini kila mnara unataka saruji, kokoto, mchanga, maji, nondo na chuma, na vyote hivyo hufika kwa barabara. Mara nyingi kilomita za mwisho ni barabara ya kijiji iliyozoea baiskeli, pikipiki na lori la mazao mara mojamoja.

Nimewahi kufika kijiji kimoja cha kanda ya kati miezi michache baada ya mkandarasi kufunga kambi. Minara ilikuwa imesimama vizuri, nyaya zimenyooka. Chini yake, kalavati la pekee kwenye njia ya kwenda zahanati lilikuwa limekatika katikati, na mvua zilikuwa zimeanza. Wajawazito walikuwa wanazungushwa kwa bodaboda kupitia kijiji cha jirani. Nilipoisoma ripoti ya tathmini, kalavati lile halikutajwa hata mara moja. Mtathmini alikuwa ameufuata waya, na waya haukupita hapo.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe ambaye ripoti inayofuata itapita mikononi mwako: mtaalamu wa mazingira, mhandisi wa wilaya, diwani, mtendaji wa kata au mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Mifano yangu ni ya Tanzania, nchi ambayo imejenga njia ndefu za msongo wa kilovoti 400: ya Iringa hadi Shinyanga kupitia Dodoma na Singida, yenye kilomita 670, ya Singida hadi Namanga, inayotuunganisha na Kenya, na ya kutoka Bwawa la Julius Nyerere hadi Chalinze, yenye kilomita 160 hivi. Hesabu zenyewe utazitumia popote.

Kabla hujatoka ofisini

Usiende uwandani mikono mitupu. Mwombe mwenye mradi na mkandarasi vitu vitano:

1. Orodha ya minara yote, yenye mahali ulipo kila mnara, aina yake, uzito wa chuma na ujazo wa zege la msingi. Mnara wa kona ni mzito kuliko mnara wa njia iliyonyooka, na msingi wake ni mkubwa zaidi.
2. Ratiba ya kazi: misingi itamwagwa miezi gani, minara itasimikwa lini, nyaya zitavutwa lini.
3. Mahali pa kambi, maghala, mtambo wa zege, machimbo ya kokoto na mchanga, na chanzo cha maji.
4. Orodha ya magari na mitambo, pamoja na uzito wa kila gari likiwa limepakia.
5. Jedwali la mahali njia inapovuka barabara, reli na njia nyingine za umeme.

Ukiambiwa kwamba machimbo na kambi bado havijajulikana, andika hivyo kwenye ripoti na uweke sharti kwamba tathmini ya barabara itarudiwa vikishajulikana. Usikubali kutathmini njia ya malori ambayo hakuna anayeijua.

Kisha jua kila barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara nyingine za mijini na vijijini, tangu mwaka 2017, zinasimamiwa na TARURA. Kwa aliye Kenya, wa kuulizwa ni KeNHA, KeRRA, KURA na serikali za kaunti. Zinabaki njia ambazo haziko kwenye orodha ya taasisi yoyote: zile ambazo wanakijiji walizifungua wenyewe kwa majembe, kwa kazi ya msaragambo. Hizo ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu zikiharibika hakuna ofisi yenye fungu la kuzitengeneza. Zipe ukurasa wake kwenye ripoti.

Sheria za kushika mkononi ni tatu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo chini yake NEMC hupokea ripoti za tathmini, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, na Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016. Kama mradi unajengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, soma pia kiwango chake cha nne cha mazingira na jamii, kinachohusu afya na usalama wa jamii. Kinamtaka mkopaji atathmini hatari za magari ya mradi barabarani. Ukikutana na mtu anayesema habari ya barabara si sehemu ya tathmini ya umeme, mwonyeshe hicho.

Hatua ya 1: Chora njia za malori

Tandaza ramani na uchore njia kutoka kila chanzo hadi kila mnara. Tumia rangi tatu: moja kwa barabara kuu na za mkoa, ya pili kwa barabara za wilaya na kijiji, ya tatu kwa njia mpya zitakazofunguliwa porini au shambani. Mbele ya namba ya kila mnara andika jina la barabara ya mwisho inayoufikia.

Hapo utaona jambo ambalo ramani ya mkuza ilikuficha. Minara 20 au 30 inaweza kutegemea barabara moja ya kijiji, kwa sababu pande nyingine kuna mto, mlima au mbuga yenye tope. Barabara hiyo ndiyo kiini cha tathmini yako. Kuna mradi mzima unaopita kwenye shingo moja.

Ukishachora, pita njia hizo zote kwa gari na uwe na mwenyeji ndani ya gari. Mwenyekiti wa kitongoji au dereva wa lori la mazao atakuambia mambo yasiyo kwenye ramani: kwamba njia hii hufungwa na maji kuanzia Januari, kwamba daraja lile halijawahi kupitishwa lori lililoshiba, kwamba kuna njia ya mkato inayopita katikati ya uwanja wa shule na madereva wageni huipenda. Hiyo njia ya mkato iandike kwa herufi kubwa. Mkandarasi asipokatazwa kuipita, ataipita.

Hatua ya 2: Hesabu safari

Usikubali maneno kama "magari machache". Taka namba, na ukikosa, zitafute mwenyewe. Huu hapa mfano wa hesabu. Namba zake ni za kufundishia tu; weka za mradi wako.

Tuseme kipande chako kina kilomita 30 na minara imepishana kwa mita 400 kwa wastani. Hiyo ni minara 75 hivi. Tuseme msingi wa mnara mmoja, yaani miguu yote minne, unataka zege mita za ujazo 40. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa tani 2.4, kwa hiyo hapo kuna tani 96 kwa mnara mmoja. Ukizichambua utapata takribani saruji tani 14 (mifuko 280 ya kilo 50), mchanga tani 28, kokoto tani 46 na maji lita 7,000. Sasa yapakie kwenye tipa linalobeba tani 15:

- mchanga: safari 2
- kokoto: safari 4
- saruji: safari 1
- maji ya kuchanganyia na ya kumwagilia zege, kwa boza la lita 10,000: safari 2
- nondo na mbao za kufungia zege: safari 1
- chuma cha mnara wenyewe, tuseme tani 15: safari 1
- kuleta na kuondoa mitambo: safari 2

Jumla ni safari 13. Kila safari ni kwenda na kurudi, kwa hiyo gari kubwa litapita mbele ya nyumba za watu mara 26 kwa mnara mmoja. Kwa minara 75 ni mara 1,950. Ongeza magogo ya nyaya: kama kila moja ya awamu tatu ina nyaya mbili, kilomita 30 zinataka kilomita 180 za waya, na gogo moja likiwa na kilomita 2.5 hayo ni magogo 72. Ongeza pia magari ya wafanyakazi asubuhi na jioni. Hayo ni mepesi, lakini ndiyo yanayokwenda mbio na ndiyo yanayopita saa za wanafunzi.

Ukigawanya mara 1,950 kwa siku 130 za kazi unapata 15 kwa siku. Namba hiyo kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida haionekani. Kwenye barabara ya kijiji inayopitisha malori mawili kwa siku ni habari nyingine kabisa. Tena wastani unadanganya. Zege la msingi halimwagwi kidogo kidogo kwa wiki mbili. Likiletwa na gari la kuchanganyia zege linalobeba mita za ujazo 6, zile mita za ujazo 40 ni safari 7, na zote zinakuja siku moja zikifuatana, kwa sababu zege halingoji. Kwa hiyo kwenye ripoti andika namba mbili, siku ya kawaida na siku ya kumwaga zege. Watu wa pale wataishi na zote mbili.

Usisahau mzigo mmoja mkubwa. Transfoma ya kituo cha kupoza umeme inaweza kuzidi tani 100, na huja kwa tela maalumu lenye ekseli nyingi. Inahitaji kibali cha mzigo usio wa kawaida, ukaguzi wa kila daraja njia nzima, na mara nyingine nyaya ndogo za mitaani kuinuliwa ili ipite. Ni safari moja tu, lakini inaweza kusimamisha mji kwa saa kadhaa.

Hatua ya 3: Kagua barabara yenyewe

Hapa ndipo ripoti nyingi zinapokuwa nyepesi, nawe ndipo unapotakiwa kukaa muda mrefu.

Anza na kanuni moja ya wahandisi. Kati ya mwaka 1958 na 1960, huko Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, malori yalizungushwa kwenye barabara za majaribio mfululizo ili kuona zinavyochakaa. Matokeo yalionyesha kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito. Unaongezeka takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli nzito mara mbili huharibu mara 16. Ekseli iliyozidishiwa asilimia 20 tu huharibu mara mbili. Ekseli ya tani 10 ikilinganishwa na ya gari dogo yenye nusu tani, uharibifu wake ni kama mara 160,000. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba barabara ile tayari inapitwa na magari mengi, muulize ni magari ya uzito gani.

Kwa sheria ya Afrika Mashariki, ekseli moja yenye matairi manne haipaswi kuzidi tani 10, ekseli pacha tani 18, ekseli tatu za pamoja tani 24, na gari zima tani 56. Tipa la ekseli tatu kikomo chake ni tani 26: nane mbele na 18 nyuma. Tatizo ni kwamba mizani iko barabara kuu. Lori linalotoka machimboni kwenda kwenye mnara kwa njia za ndani haliioni mizani hata siku moja. Weka sharti la kupima mzigo palepale machimboni, na daftari lake likaguliwe.

Sasa ikague barabara kwa miguu au kwa mwendo wa kinyonga. Kila mita 200 piga picha mbele na nyuma, simu ikiwa imewashwa kutunza mahali na tarehe. Andika:

- Upana wake na kama magari mawili yanapishana. Kama hayapishani, watembea kwa miguu watasimama wapi lori likija?
- Uso wake: lami, changarawe au udongo. Pima unene wa changarawe iliyobaki kwa kuchimba kidogo.
- Udongo wa chini. Udongo mweusi wa mbuga ni mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha huvimba na kulegea. Lori moja siku ya tope linaacha mifereji ambayo msimu mzima hautaifuta.
- Mitaro. Lori likipanda bega la barabara na kuufukia mtaro, maji hupita katikati ya barabara na kuikata. Uharibifu mwingi unaodhaniwa ni wa mvua huanzia hapo.
- Kila kalavati, daraja na daraja mfuto: vipimo, nyufa, kina cha udongo juu ya bomba, na maji yanaelekea wapi. Kalavati lenye udongo kiduchu juu yake ndilo hupasuka kwanza.
- Miteremko na kona kali. Tela refu linalobeba chuma cha mnara linakata kona kwa kukanyaga shamba la mtu.
- Nyaya za umeme mdogo na za simu zinazopita chini chini juu ya barabara.

Kazi ikiisha, zikusanye picha na maelezo kuwa hati moja ya hali ya awali ya barabara, na isainiwe na pande tatu: mkandarasi, mwenye barabara na serikali ya kijiji. Kila upande ubaki na nakala. Ukifanya jambo moja tu katika mwongozo huu wote, fanya hili. Bila hati hiyo, siku kalavati litakapovunjika mkandarasi atasema lilikuwa bovu tangu zamani, kijiji kitasema lilikuwa zima, na mbishano utakwisha kwa anayesubiri kuchoka.

Hatua ya 4: Wahesabu watu

Kuhesabu magari ni kazi ya siku saba mfululizo, angalau saa 12 kila siku, na siku mbili za saa 24: moja ya katikati ya wiki na moja ya mwisho wa wiki. Kwa barabara za vijijini fomu ya kawaida ya kuhesabia haitoshi, kwa sababu imeandaliwa kwa mabasi na malori. Tengeneza yako: watembea kwa miguu, wanafunzi, baiskeli, bodaboda, bajaji, mikokoteni ya punda na ya ng'ombe, mifugo, magari madogo, daladala na mabasi, malori. Mkokoteni mmoja wa ng'ombe kwenye barabara nyembamba unashika njia kuliko lori, na hauwezi kurudi nyuma.

Siku zenyewe zichague kwa akili. Ukihesabu Jumanne tulivu na kuukosa mnada wa Alhamisi, umehesabu kijiji kingine. Andika siku za gulio, saa za ibada, siku za kliniki ya mama na mtoto, na saa za kuingia na kutoka shule.

Kisha tazama kalenda ya kilimo. Mkandarasi atakuambia, na ni kweli, kwamba kazi ya misingi hufanywa kiangazi ili kukwepa tope. Hiyo inaipumzisha barabara. Lakini kwa kanda ya kati kiangazi ndio msimu wa mavuno. Alizeti ya Singida hutoka shambani baada ya mvua kukatika, na barabara zilezile ndizo zinazoipeleka viwandani. Malori ya mradi na malori ya mazao yatakutana kwenye daraja moja katika miezi ileile. Mkulima ambaye gunia lake linalala barabarani siku tatu anapoteza fedha, na hasara hiyo haitaonekana kwenye jedwali la fidia ya mashamba. Iandike wewe.

Ongea pia na watu ambao hesabu haiwaonyeshi. Muulize mwendesha bodaboda ni wapi abiria hushuka na kutembea. Muulize mwalimu watoto wangapi wanavuka barabara asubuhi. Muulize mhudumu wa zahanati mgonjwa wa rufaa hupita wapi usiku na huchukua muda gani. Kama jibu ni dakika 40 kwa njia iliyopo na saa mbili kwa njia ya kuzunguka, huo ndio ukubwa wa athari ya kufunga barabara ile, na hakuna jedwali litakaloueleza vizuri zaidi.

Hatua ya 5: Pale waya unapovuka barabara

Kuvuta waya juu ya barabara ni kazi ya saa chache, lakini hatari yake ni kubwa. Njia salama ni kusimika magoli ya nguzo au vyuma pande zote mbili za barabara, na inapobidi wavu juu yake, ili waya ukilegea usiangukie magari. Magoli yakiwekwa vizuri, magari yanaendelea kupita kwa sehemu kubwa ya kazi. Uliza kama yamo kwenye mpango. Kama mpango unasema barabara itafungwa tu, fanya hesabu ifuatayo.

Tuseme barabara inapitisha magari 150 kwa saa, pande zote mbili, na inafungwa dakika 20. Magari 50 yatakusanyika. Kila moja litasubiri dakika 10 kwa wastani, jumla dakika 500, yaani zaidi ya saa nane za magari. Foleni itakuwa ya magari 25 kila upande, ambayo kwa mchanganyiko wa mabasi na malori marefu inaweza kufika kati ya mita 250 na 500. Sasa nenda ukasimame mahali mkia wa foleni utakapofika. Je, ni nyuma ya kona? Ni kwenye mteremko? Ni mbele ya geti la hospitali? Basi linalokuja kasi na kukuta foleni baada ya kona ni ajali ambayo ungeweza kuizuia kwa kusogeza bango la tahadhari mita mia chache nyuma.

Kwa reli ruhusa ni ya mwenye reli, na hupangwa kulingana na ratiba ya treni. Ombi lianze mapema.

Ipo pia athari inayobaki baada ya ujenzi. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa Tanzania ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Mnara uliosimikwa ndani ya hifadhi hiyo unaizuia barabara kupanuliwa, au unaifanya serikali ilipe kuuhamisha. Pima mwenyewe umbali wa kila mnara ulio karibu na barabara, na uandike pia urefu wa waya kutoka ardhini kama ulivyo kwenye michoro, ili mizigo mirefu ya kesho isije ikakwama.

Hatua ya 6: Amua uzito wa athari

Sasa una namba. Kwa kila kipande cha barabara jibu maswali manne:

1. Malori yataongezeka mara ngapi kuliko ilivyo leo, siku ya kawaida na siku ya zege?
2. Barabara na madaraja yake yanaweza kubeba uzito huo?
3. Nani ataumia, na ana njia nyingine?
4. Athari itaisha mkandarasi akiondoka, au itabaki?

Swali la tatu lipewe uzito mkubwa kuliko yote. Barabara kuu yenye magari 3,000 ikichelewa nusu saa ni usumbufu. Njia ya kijiji yenye pikipiki 40 ikifungwa wiki moja, na ndiyo pekee ya kwenda hospitali, ni hatari kwa maisha. Jedwali linalopanga athari kwa idadi ya magari peke yake litawageuza wachache kuwa si kitu.

Njia mpya zitakazofunguliwa kwenye mkuza zipimie hapa pia. Katika mteremko, njia iliyolimwa na greda bila matuta ya kugeuza maji huwa korongo baada ya misimu miwili. Kwenye msitu, njia hiyo huwafungulia mlango wachoma mkaa. Lakini kuna kitongoji ambacho njia hiyo itakuwa barabara yake ya kwanza. Uamuzi wa kuifunga au kuiacha ufanywe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na uandikwe. Ikiachwa, ijulikane nani ataitunza.

Hatua ya 7: Andika masharti yanayoshikika

Sharti lisilopimika halitekelezwi. "Mkandarasi atachukua tahadhari" haliwezi kukaguliwa na mtu yeyote. Andika hivi:

- Malori makubwa hayatapita mbele ya shule fulani kati ya saa 1:00 na 2:00 asubuhi, wala saa 8:00 hadi 10:00 alasiri, wala siku ya mnada.
- Mwendo ndani ya vijiji ni kilomita 30 kwa saa. Sheria inaruhusu 50 kwenye makazi, lakini 50 kwa lori lililoshiba kwenye barabara ya vumbi isiyo na njia ya miguu ni nyingi mno.
- Kalavati namba fulani litaimarishwa kabla lori la kwanza halijapita.
- Maji yatamwagwa barabarani mara mbili kwa siku wakati wa kiangazi mbele ya makazi, na hayatachotwa kwenye kisima cha kijiji.
- Kila mahali pa kupokezana njia patakuwa na washika bendera wawili waliofundishwa, wenye vizibao vinavyong'aa, na mabango ya Kiswahili yatawekwa siku mbili kabla.
- Mvua ikinyesha zaidi ya kiasi kitakachokubaliwa, malori yatasimama kwenye vipande vya udongo wa mbuga hadi vikauke.
- Gari la wagonjwa linapitishwa wakati wowote, hata waya ukiwa unavutwa. Msimamizi wa eneo awe na namba ya simu ya zahanati, nayo iwe na yake.
- Barabara itarudishwa katika hali ya awali au bora zaidi, na sehemu ya malipo ya mwisho ya mkandarasi izuiwe hadi mwenye barabara na kijiji wasaini kwamba wameridhika.

Sharti hilo la mwisho lipiganie hadi liingie kwenye mkataba wenyewe. Likibaki kwenye ripoti ya mazingira tu, litakaa kabatini.

Hatua ya 8: Rudi

Tathmini haiishi siku ripoti inapogongwa muhuri. Panga kurudi mara tatu angalau: mwezi wa kwanza wa misingi, wakati wa kuvuta nyaya, na baada ya mvua za kwanza tangu mkandarasi aondoke. Ile ziara ya tatu ndiyo wengi huiacha, na ndiyo inayoonyesha mitaro iliyofukiwa na makalavati yaliyochoka. Nenda na hati ya hali ya awali, simama mahali picha ilipopigwa, piga nyingine.

Kijijini liwepo daftari la malalamiko kwa mtendaji, lenye tarehe, namba ya gari na jibu lililotolewa. Lisome kila unaporudi. Daftari tupu si lazima liwe habari njema. Uliza kama watu wanajua kwamba lipo.

Jambo moja lisikutoke unapokaa kuandika hitimisho. Njia ya kilovoti 400 haishushi umeme kwenye nyumba zilizo chini yake. Umeme unapita juu kwenda vituo vya mbali, na wengi wa waliotoa ardhi kwa ajili ya minara wataendelea kusubiri zamu yao. Kwa wengi wao barabara ndiyo sehemu ya mradi watakayoikanyaga kila siku. Mkandarasi anaweza kuwaachia imebomoka, au anaweza kuwaachia yenye kalavati jipya, mtaro uliozibuliwa na changarawe safi, kwa gharama ambayo ni ndogo sana ukiilinganisha na ya njia nzima. Tofauti kati ya hayo mawili huanzia kwenye kurasa utakazoandika, kabla tipa la kwanza la kokoto halijatoka machimboni.